Wanafunzi wanaunganisha jenereta vizuri kwenye maabara ya kompyuta, wakifika kwenye mashine yenyewe wanaganda. Tatizo liko wapi?

#1 Mwalimu wa Fezi
Habari za jioni wakuu.

Nafundisha mashine za umeme kwenye chuo kimoja hapa Dar (msinihoji kipi). Tumehamishia mazoezi mengi kwenye maabara ya kompyuta. Mwanafunzi anafungua programu, anaona jenereta ya njia tatu, swichi, mita na taa tatu zinazozima jenereta na gridi zikilingana, anafanya kila kitu kwa kipanya. Zoezi la kuunganisha jenereta na gridi wanalipiga vizuri mno. Volti zinalingana, masafa yanalingana, mfuatano wa fezi uko sawa, pembe kati ya jenereta na gridi inakaa, anafunga swichi, anachukua alama zake.

Juzi nikawapeleka kwenye mashine yenyewe. Ndogo tu ya mezani, inazungushwa na mota ya DC. Nikawaambia fanyeni kile kile. Wakasimama. Yule mwenye alama za juu kuliko wote akashika mkono wa reostati ya kurekebisha mwendo, akaangalia taa, akaangalia mita, akaniangalia mimi. Taa zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima, yeye kimya. Mwisho ananiuliza, "Mwalimu, nibonyeze sasa?"

Msiniambie ni uzembe. Ni vijana wazuri na nadharia wanayo. Mkuu wangu wa idara anataka pesa yote ya vifaa iende kwenye kompyuta na leseni, na kikao kinakuja. Nataka nisikie kwa wadau kabla sijaingia: shida ni hizi maabara, ni sisi walimu, au ni nini?

#2 Kiberenge
Jibu jepesi. Umeme haufundishwi kwa kipanya. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Gerezani
#2 umemaliza. Mimi nasuka mota, vijana wa fildi naletewa kila msimu. Kijana anajua fomula ya slipu, yaani rota inavyobaki nyuma ya uga wa sumaku, kama sala. Mpe mota ambayo kibao chake kimeandikwa 1440, muulize ina poli ngapi, anatafuta simu. Poli nne hiyo, uga unazunguka 1500 kwa dakika, rota iko nyuma kwa 60, slipu asilimia 4. Hesabu hiyo hiyo darasani kaifanya. Ila mota ya darasani na hii yenye grisi mezani kwangu kichwani mwake ni vitu viwili.

#4 Binti Mabibo
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, mwaka wa tatu, si chuo cha mleta mada.

Naomba niulize: hiyo zamani mnayoisifia mlikuwa mnashika mashine kweli? Kaka yangu alisoma kozi hii hii kabla hizi programu hazijaja kwao. Mashine moja, kundi la watu ishirini. Wawili wanaunganisha nyaya, mmoja anasoma mita kwa sauti, waliobaki wanaandika namba. Kaka alimaliza na ripoti nzuri za praktikali na hajawahi kufunga ile swichi kwa mkono wake. Mimi nimeifunga kwenye kompyuta hadi nikachoka, saa nane usiku, hosteli, hakuna anayenisukuma.

#5 Kiberenge
Saa nane usiku hosteli umeme ulikuwepo? Hapo tu ndipo sijakuamini.

#6 Binti Mabibo
Chaji ya laptopu, kaka. Jifunze kupanga maisha.

#7 Fundi Sanifu
Wakuu, mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ni kuandaa meza kabla darasa halijaingia na kuzima moto likishaingia. Niseme ninachokiona.

Kwenye programu waya ukiusogeza karibu na terminali unajinasia wenyewe. Na kila terminali ina jina lake kwa herufi safi. Fungua sasa boksi la mota ya kweli: vichwa sita, juu U1, V1, W1, chini W2, U2, V2, na vile vibao vya shaba ukivilaza ni stari, ukivisimamisha ni delta, njia mbili za kuunga koili. Herufi nusu zimefutika. Nati moja imelegea. Hapo hata mwenye A anakuna kichwa, na akili anayo. Ni kwamba hajawahi kukutana na kitu ambacho hakijajitambulisha.

La pili, na hili ndilo la mleta mada hasa. Kwenye skrini unasogeza kitelezi, masafa yanakufuata pale pale. Kwenye mashine unazungusha reostati, rota ina uzito wake, mwendo unakuja ukiwa umeshaacha kuzungusha. Unapita hezi 50. Unarudisha, unashuka chini ya 50. Taa zilikuwa zimetulia, zinaanza tena mbio. Yule kijana alipouliza "nibonyeze sasa" aliuliza swali halali kabisa. Skrini ilikuwa inamsubiri. Mashine haisubiri mtu.

#8 Kiberenge
Fundi Sanifu kwa hiyo uko upande wangu.

#9 Fundi Sanifu
Siko upande wa mtu. Wewe umeandika mstari mmoja.

#10 Rilei ya Kinyerezi
Salaam. Mnabishana mota ya mezani, mmesahau kozi inaitwa umeme wa nguvu. Mimi niko kwenye ulinzi wa njia za kusafirisha umeme. Niambieni ni nani atamruhusu mwanafunzi apige shoti njia ya kilovolti 400 inayotoka Bwawa la Nyerere kwenda Chalinze ili aone rilei, kile kifaa kinachoamuru breka ikate, inafanya nini? Au aidondoshe mashine moja pale bwawani aone masafa ya nchi nzima yanavyoshuka na nani anayainua? Kwa mambo hayo kompyuta ndiyo maabara. Nyingine haipo, si Dar wala Berlin.

Na si mambo ya juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 MIT na General Electric walitengeneza chumba kizima cha koili, kapasita na vipinga vidogo kuigiza gridi, kwa sababu hata wakati huo huwezi kuifanyia majaribio gridi ambayo watu wanapikia. Wahandisi walipanga mitandao yao kwenye vyumba vya namna hiyo hadi kompyuta zikaja.

#11 Kiberenge
Kudondosha mashine moja kati ya nane kwa megawati 2,100 si jambo la kuisumbua nchi, msitutishe.

#12 Rilei ya Kinyerezi
Ni tisa. Megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Na 235 zikitoka kwa mpigo ni zaidi ya Kidatu nzima, maana Kidatu ni 204. Sasa jiulize kama nchi haisikii.

#13 Kitonga
Hizi maabara za kompyuta zililetwa na korona jamani. Vyuo vilifungwa Machi 2020, walimu wakatafuta pa kujishikiza, vilipofunguliwa Juni wakanogewa. Kabla ya hapo hakuna aliyezijua hapa mjini.

#14 Mkongwe wa Mlimani
Kitonga, korona imeleta mengi lakini hili si lake. Katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kwenye mradi wa iLab pamoja na Makerere na Obafemi Awolowo ya Ile-Ife, wakishirikiana na MIT. Huko MIT profesa Jesús del Alamo alianza mwaka 1998, akaweka kifaa cha kupimia transista kwenye intaneti ili wanafunzi wapime saa yoyote.

Halafu mtenganishe vitu viwili. iLab haikuwa mchoro kwenye skrini. Kulikuwa na kifaa cha kweli chumbani, mwanafunzi anakiendesha kwa mbali, namba zinazorudi ni za kifaa kile pamoja na makosa yake yote. Hiyo ni maabara ya mbali. Ya mleta mada ni hesabu tupu iliyovalishwa picha ya mashine. Lawama ya moja msiibebeshe nyingine.

#15 Kitonga
Sawa mkongwe. Sasa kama ilikuwepo tangu enzi hizo, kwa nini leo mwalimu analia?

#16 Mkongwe wa Mlimani
Kwa sababu zile zilikuwa bodi za elektroniki, volti chache, hazimuui mtu akiwa mbali. Jaribu kumwachia mwanafunzi wa Tandika aendeshe jenereta ya njia tatu iliyoko chumbani Mlimani saa tano usiku, fundi sanifu kalala kwake Kimara. Bando likate akiwa katikati ya kuiunganisha. Nani anafungua breka?

#17 Kiberenge
Na Mei 2024 kebo za baharini zilivyokatika nchi nzima tukakaa kama tuko kijijini? Hiyo maabara ya mbali siku ile ilikuwa mbali kweli kweli.

#18 Mama Isoleta
Habari wanajamvi. Nimesoma mpaka hapa nikaona kila mtu amekubali kwamba kuganda ni ugonjwa. Mimi sikubali.

Nimefanya kazi vituo vya kupozea umeme kabla sijahamia ofisini. Pale kijana anayesimama, anaangalia, anauliza "nifunge sasa?" ndiye tunayemtaka. Ninayemuogopa ni yule asiyeganda. Programu ina kitufe cha kuanza upya. Amefunga swichi pembe ikiwa digrii 120, skrini imewaka nyekundu, amebonyeza kuanza upya, maisha yanaendelea. Fanya hivyo kwenye mashine kubwa, shafti inajikunja na vifungo vya msingi vinalegea. Huyo ndiye ninayemhofia akija kwangu na cheti kizuri. Kufungua isoleta (swichi isiyo ya kukatia mkondo) kwenye mzigo, kuweka ethi (kuunga njia na ardhi) kabla ya kupima kama njia ina umeme, makosa yote hayo kwenye skrini yana rangi nyekundu tu.

Kwa hiyo mleta mada, huenda vijana wako mashine imewafundisha kitu siku ya kwanza na wewe umekiita kushindwa.

#19 Fundi Sanifu
Mama Isoleta naongezea kisa. Zoezi la kupima mkondo mkubwa tunatumia CT, transfoma ya kupunguza mkondo ili mita iusome. Kanuni inajulikana: sekondari ya CT, upande wa mita, haifunguliwi wakati praimari, upande wa mkondo mkubwa, ina mkondo. Ukitaka kutoa ameta, kwanza unapiga shoti vichwa vya sekondari, ndipo unachomoa. Ukichomoa hivi hivi, mkondo wa praimari wote unakwenda kukitia sumaku kile kiini, volti kwenye sekondari zinapanda hadi maelfu, insulesheni inapasuka, na aliyeshika waya Mungu anajua.

Kwenye programu tuliyokuwa nayo sisi, ukichomoa ameta inasoma sifuri. Basi. Sifuri nzuri imetulia. Kijana mmoja alikuja mezani akanyoosha mkono kuchomoa kwa kujiamini kabisa, nikaudaka mkono hewani. Akaniambia, "Kwenye kompyuta inakubali."

#20 Mzee wa Gerezani
Aisee.

#21 Rilei ya Kinyerezi
Hapo lawama ni ya aliyechora CT kama transfoma kamilifu. Ukiiwekea kurva ya kusaturesheti (kiini kushiba sumaku) na upinzani wa mzigo, programu inakuonyesha vile vilele vya volti vizuri tu, tena vizuri kuliko meza, maana mezani hutathubutu kuviangalia. Mwalimu akitoa zoezi na modeli ya bure bure atapata mwanafunzi wa bure bure.

#22 Kiberenge
Kila kitu kwenu ni modeli. Hata rilei, mkondo ukizidi mara kumi inakata papo hapo, kishindo chake hicho utakisikiaje kwenye skrini?

#23 Rilei ya Kinyerezi
Si papo hapo. Kwa kurva ya kawaida ya viwango vya IEC unachukua uwiano wa mkondo, unaupandisha kipeo 0.02, unatoa 1, kisha 0.14 unaigawa kwa jibu hilo na kuzidisha na TMS, namba unayoipanga kuongeza au kupunguza muda. Mara kumi, TMS ikiwa 1, unapata karibu sekunde 3. Kukata papo hapo ni kipengele kingine kinachowekwa peke yake.

#24 Kiberenge
Sekunde 3 kwenye shoti? Nyumba imeshaungua.

#25 Rilei ya Kinyerezi
Ndiyo maana hatuweki 1. Weka 0.1 inakuwa sekunde 0.3, ya nyuma yake unaiachia nafasi ya sekunde 0.3 mpaka 0.4 ili isimtangulie mwenzake. Na hili, kupanga rilei nne zisigombanie kukata, lifundishe kwa mashine mezani uone kama utamaliza muhula. Kwenye kompyuta ni kipindi kimoja na kurva zote unaziona kwenye karatasi moja.

#26 Sukari Guru
Samahani naingilia mada. Friji yangu nikigusa mlango inanitetemesha kidogo, fundi kasema nikivaa ndala hakuna shida. Ni kweli?

#27 Fundi Sanifu
Si kweli. Ethi ya nyumba yako haipo au imekatika. Chomoa friji, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA akupimie ethi, na huyo wa ndala usimwite tena. Anzisha uzi wako tukusaidie vizuri.

#28 Dada Pandapower
Nirudi kwenye pesa maana mleta mada ana kikao. Mwambie mkuu wako leseni si lazima zimalize bajeti. Programu za kukokotoa gridi za bure zipo. MATPOWER ni ya bure na inakwenda kwenye Octave ambayo pia ni ya bure. pandapower ya Chuo Kikuu cha Kassel na Fraunhofer ni ya bure, inataka Python tu. OpenDSS ya EPRI ni ya bure na kwa laini za kusambaza umeme mitaani iko vizuri sana. PowerWorld wana toleo la bure la mifumo midogo, linatosha darasani. Zote zikishapakuliwa haziulizi bando.

Ambacho hakina bure ni mashine, fundi sanifu wa kuitunza, na brashi za kaboni zinazokwisha. Pesa iende huko.

#29 Kitonga
Dada vijana wanataka ile waliyoiona kwenye matangazo ya kazi. Ukimwambia Octave anakuangalia kama umempa kandambili za harusi. Wengi wanatumia za kraki.

#30 Dada Pandapower
Najua. Na kila kraki inakuja na virusi vyake, halafu mwanafunzi anakuja kwangu na laptopu inazima yenyewe. Mtiririko wa umeme kwa hesabu ya Newton-Raphson ni ule ule uwe umelipia au hujalipia.

#31 Mkongwe wa Mlimani
Nami nina neno kwenye hizo gridi za mazoezi. Ukifungua karibu programu zote hizo utakuta mfumo wa IEEE wa basi 14, yaani sehemu 14 zinapokutana njia za umeme. Ule ni kipande cha mtandao wa American Electric Power wa Februari 1962. Kijana wa Temeke anajua basi namba 9 ina kapasita, hajui kwa nini Ubungo ni kituo muhimu. Kwa nini asipewe Kidatu, Mtera, Kihansi, Iringa, Morogoro, Ubungo? Mchoro wa msongo mkubwa ni mfupi, unaingia ukurasa mmoja. Labda kuganda kunaanzia hapo. Wanafunzwa umeme wa mahali ambapo hapapo.

#32 Kiberenge
Mkongwe sasa jenereta ya mezani na mwaka 1962 vinahusianaje? Umeanza kuhutubia.

#33 Mkongwe wa Mlimani
Vinahusiana. Kaa chini.

#34 Mzee wa Pwani
Mnawaonea vijana. Marubani wanafunzwa kwenye mashine za kuigiza na tunapanda ndege.

#35 Fundi Sanifu
Chumba cha rubani cha kuigiza kina usukani wa kweli, pedali za kweli na kiti kinachotikisika. Cha kwetu kina kipanya.

#36 Rilei ya Kinyerezi
Kwenye umeme nako kipo cha namna hiyo. RTDS ya Winnipeg na OPAL-RT ya Montreal wanauza kompyuta inayoigiza gridi kwa wakati halisi, unachomeka rilei ya kweli, rilei inadhani iko Chalinze. Ikikata, imekata kweli. Bei yake mleta mada asiitaje kikaoni, watamtoa nje.

#37 Mhakiki
Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza swali la msingi. Hizo alama za juu walizipataje? Binti Mabibo, wewe ni mkweli, tuambie. Faili la zoezi linazunguka kwenye kundi la WhatsApp au halizunguki?

#38 Binti Mabibo
Linazunguka. Mtu wa kwanza akimaliza anatupia, wengine wanabadilisha jina na rangi ya grafu. Lakini ripoti za karatasi nazo zilikuwa zinazunguka, kaka yangu ana boksi zima zimerithiwa tangu kwa watu ambao sasa hivi ni wahandisi waliosajiliwa. Msijifanye nyie mlikuwa malaika.

#39 Mhakiki
Sijasema malaika. Nasema basi tunaloliita kuganda huenda ni mtu anayefanya zoezi kwa mara ya kwanza. Kila mwanafunzi apewe namba zake: volti zake, mzigo wake, na kosa lililofichwa. Mmoja fezi mbili zimepishana, mwingine mita inadanganya. Programu inaweza kufanya hivyo bila jasho, meza haiwezi.

#40 Mwalimu wa Fezi
Ahsanteni wote, nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi nawasoma.

Mhakiki, nimefikiria hilo. Lakini huyu kijana nilimwona kwa macho akifanya zoezi mbele yangu kwenye kompyuta, bila faili la mtu. Analijua. Fundi Sanifu, la kitelezi na rota linaniingia, ila kundi hilo hilo liliganda pia kwenye zoezi la transfoma, ambako hakuna kinachozunguka. Jaribio la sakiti wazi tu: unalisha upande wa volti ndogo, upande mkubwa unaacha wazi, unasoma wati za kiini. Transfoma ilipoanza kunguruma wakarudi nyuma wote. Hakuna aliyewaambia kuwa transfoma ina sauti.

#41 Mama Isoleta
Hezi 100 hizo, kiini kinavutwa mara mbili kwa kila mzunguko wa 50. Mweleze mtu hilo akiwa ameshaisikia, hatalisahau.

Na mimi nirushe jiwe jingine. Hilo zoezi la taa tatu nani bado analifanya kazini? Vituoni jenereta zinaunganishwa na sinkronaiza ya otomatiki, na nyuma yake kuna rilei namba 25 ya kukagua, hali isiporidhisha breka haifungi hata ukibonyeza kwa hasira. Mwendeshaji amekaa mbele ya skrini za SCADA, mfumo wa kuongoza kituo kwa kompyuta, na kipanya mkononi. Kwa hiyo kijana wa kipanya mnayemcheka ndiye anayefanana na kazi ilivyo leo. Kiberenge upo?

#42 Kiberenge
Nipo. Skrini ikizima?

#43 Mama Isoleta
Ikizima tunamwita yule aliyewahi kusikia transfoma ikinguruma. Nakubali, usichukue picha ya skrini.

#44 Mzee wa Gerezani
Mwalimu nina swali dogo. Hizo taa tatu ulizofunga ni za aina gani, na umefunga moja moja au mbili mbili?

#45 Mwalimu wa Fezi
LED, wati 9, za Kariakoo. Mbili mfululizo kila fezi. Mwanzo tulifunga moja moja zikaungua.

#46 Mzee wa Gerezani
Lazima ziungue. Fezi ya jenereta na fezi ya gridi zikipingana kabisa, taa moja inakula 230 mara mbili, 460. Kwenye kompyuta taa haiungui ndiyo maana hamkujua.

Na hapo kwenye LED ndipo penye mchawi wako. Globu ya zamani ya waya inafifia polepole kadiri volti zinavyoshuka, jicho linaona giza linakuja. LED ina kidude ndani kinachobana mkondo, volti zikishuka nusu bado inawaka vile vile, halafu inazima ghafla. Ukifunga mbili mfululizo ndiyo kabisa, moja inawaka moja inapepesa. Kwenye programu taa zimechorwa kama globu. Kijana alikuwa anasubiri zififie kama alivyozoea, hazikufifia. Ungeganda hata wewe.

#47 Rilei ya Kinyerezi
Mzee hapo umepiga. Nimefanya hesabu ya haraka: kama LED moja inazima chini ya volti 85 hivi, mbili mfululizo zinazima chini ya 170. Kwa 460 za juu kabisa, taa zinakuwa giza kuanzia digrii 40 na kitu kabla ya sifuri mpaka digrii 40 na kitu baada yake. Giza la upana huo halimwambii mtu afunge wapi.

#48 Fundi Sanifu
Hata globu ya waya inazima machoni kabla volti hazijafika sifuri, ndiyo sababu wengine wanatumia ule mpangilio wa taa mbili kuwaka na moja kuzima. Na kwenye paneli ya mwalimu nadhani kuna sinkroskopu, mita inayoonyesha jenereta iko mbele au nyuma ya gridi. Kuna mshale. Mshale si LED. Mbona hawakuuangalia?

#49 Mwalimu wa Fezi
Upo, na unafanya kazi. Kwenye programu haupo, kwa hiyo hawakujua ni wa nini. Ila kuna jambo jingine nimelikumbuka. Gridi ya kwenye programu ni 400 na hezi 50 bila kutikisika. Asubuhi ile ukutani kwetu kati ya fezi na fezi mita ilisoma 392, 385 na 401, na masafa yalikuwa yanacheza. Mtu akisubiri namba mbili zifanane kabisa, atasubiri mpaka kipindi kiishe.

#50 Mhakiki
Basi tuna sababu saba na hakuna hata moja iliyopimwa. Chukua kundi moja uwape globu za waya, kundi jingine LED, uone.

#51 Mama Isoleta
Na kundi la tatu wasikilize transfoma kwanza. Hiyo ya globu mimi sijaridhika nayo, haielezi waliokimbia ngurumo.

#52 Mwalimu wa Fezi
Nitajaribu hilo la globu kabla ya kikao kama nitazipata. Kariakoo nimezunguka maduka yote ninayoyajua, ni LED tupu. Mwenye kujua?

#53 Kiberenge
Agiza kwenye kompyuta, zitafika kwa kipanya.

#54 Mama Kuku Mbagala
Nafuata uzi kimya kimya tangu jana, mambo ya fezi siyajui. Ila globu za zamani zipo. Nenda maduka ya vyakula vya mifugo, wanaziuza za kupashia vifaranga. Nyeupe za kawaida na zile nyekundu kubwa. Kwangu banda zima linawaka hizo.

#55 Mzee wa Gerezani
Nyekundu achana nazo, wati 250 zitamlemea na jenereta yake ya mezani. Chukua nyeupe za wati 60, zote za kampuni moja, mbili mfululizo kila fezi. Jumla sita, nunua na za akiba.

#56 Mwalimu wa Fezi
Mama Kuku, duka lipo upande gani, Rangi Tatu au Zakhem?

#57 Mama Kuku Mbagala
Rangi Tatu. Uende asubuhi, Jumamosi wafugaji wanazimaliza.